Ombi la Kutotembelewa na Waziri

Bekari ya Pai ya Haslam,
Mtaa wa Chapel,
Ramsclough, Lancashire.
Jumatatu, 10 Februari

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
London.

YAH: OMBI LA KUTOTEMBELEWA

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kama ofisini kwako kuna joto, basi hongera. Sisi huku Ramsclough hatujambo, ukiacha magoti ya mke wangu Lorraine na hali ya uchumi, ambayo wewe unaijua kuliko mimi kwa kuwa ni yako.

Jina langu ni Derek Haslam. Ninaoka pai za nyama na viazi kama alivyooka baba yangu na babu yangu, katika chumba kilekile na, kwa bahati mbaya, katika tanuri lilelile. Sina ugomvi na serikali. Nimekipigia kura chama chako mara tatu na kile kingine mara nne, na kila mara nimejuta kwa usawa, bila upendeleo.

Jumanne iliyopita msichana kutoka ofisini kwako, Imogen kwa jina, alinipigia simu nikiwa na unga hadi viwikoni. Alisema utakuja Lancashire Alhamisi ya tarehe 20, na unatafuta biashara ndogo inayonawiri ili uitembelee pamoja na waandishi wa habari. Nikamjibu hivi, neno kwa neno: "Itakuwa heshima kubwa mno kwetu, ila msijisumbue jamani, mna mambo mengi." Mtu yeyote aliyelelewa katika mji huu angejua hapo nimekataa, tena kwa ukali. Mama yangu angeniamuru niombe radhi. Lakini Imogen ni wa kusini. Alisema, "Safi sana, Derek! Nafasi ya kuegesha magari sita ipo?"

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu mtu wa huku hawezi kusema hapana. Kwenye karatasi anaweza, mradi ana meza, kalamu na chai. Sababu zangu ni hizi zifuatazo:

1. Rekodi yenu. Miaka minane iliyopita waziri aliyekuwa kwenye kiti chako alitembelea kiwanda cha taulo cha Holroyd, hapo chini mtoni. Alivaa kizibao cha njano na kofia ngumu, akashika taulo, akasema uchumi unapaa. Kabla ya Krismasi Holroyd wakafunga. Akaja wa pili, kwenye kiwanda cha brashi kando ya mfereji. Akafagia sakafu kidogo mbele ya kamera, akasema ameuona mustakabali wa taifa. Miezi saba baadaye mustakabali ulipigwa mnada pamoja na mashine zake. Wa tatu alipanda mti kwenye bustani ya miche ya akina Pilling. Mti ulikauka mwezi wa sita, akina Pilling wakaufuata mwezi wa tisa. Wa nne alijimiminia bia kwenye baa ya Mwanakondoo, glasi ikajaa povu tupu, wote wakapiga makofi kwa adabu, na leo madirisha ya baa ile yamezibwa kwa mbao.

Sisemi kwamba mna mkosi. Mimi ni Mmethodisti, na sisi hatuamini mikosi, tunaamini kamati. Ila dereva wetu Wasim Akhtar, ambaye hupita mitaa yote na gari la pai, amechora ramani nyuma ya karatasi ya oda na kuweka msalaba kila mahali alipofika waziri. "Bosi," aliniambia, "hawa jamaa wakija kwetu, mimi naanza kutafuta kazi siku hiyohiyo. Hata pai wasile. Wakipiga picha tu, tumekwisha." Nilimkemea aache ushirikina. Kisha nikaikunja ramani nikaitia mfukoni, na nimeiambatanisha hapa kwa kumbukumbu zako.

2. Kofia ngumu. Imogen ameandika kwamba na hapa pia utavaa kofia ngumu. Mheshimiwa, katika bekari yangu kitu pekee kinachoweza kukuangukia kichwani ni unga, na unga hauogopi kofia. Beryl Tootill, ambaye amekuwa akibana kingo za pai hapa kwa miaka thelathini na moja, aliposomewa habari hiyo aliweka mikono kiunoni. "Derek mwanangu," akasema, "kwani siku hizi pai tunazirusha?" Nilimjulisha Imogen kwamba sheria ya afya inataka neti ya nywele, si kofia ngumu. Akajibu kwamba neti ya nywele haimpi kiongozi sura ya uongozi. Beryl ameivaa neti hiyo tangu siku ya kwanza, na sijaona mtu aliyethubutu kutomtii.

3. Tabasamu. Nimetumiwa fomu. Inataka wafanyakazi wanane wasimame nyuma yako, wa rika mbalimbali, wenye tabasamu la asili. Sisi tuko watano tu. Tabasamu la asili analo Keith peke yake, na analo kwa sababu masikio yake ni mazito na hajasikia taarifa ya habari tangu mwaka juzi. Fomu inauliza pia kama kuna mfanyakazi anayeweza kuuliza swali lisilopangwa. Nikajaza kwa uaminifu: yupo, Beryl. Baada ya dakika nne likaja jibu kwamba siku hiyo Beryl apangiwe kazi stoo. Stoo yetu, Mheshimiwa, ni kabati. Nimempima kwa macho, haingii, na si mimi nitakayemwambia ajaribu.

4. Mikanda. Tangu nikiwa na nywele, kila waziri wa fedha ametuomba tufunge mikanda. Mimi ni raia mtiifu, nimefunga. Nilipofika tundu la mwisho nilitoboa jingine kwa kile chuma tunachotobolea pai ili mvuke utoke, kisha jingine, na jingine. Sasa ncha ya mkanda inanizunguka hadi mgongoni. Lorraine analalamika kwamba nikigeuka haraka naangusha vikombe. Wiki iliyopita nilikaa nikazikagua picha zako zote za gazetini, moja baada ya nyingine. Huvai mkanda. Suruali yako inashikiliwa na kanda za mabegani, nyekundu, nzuri sana. Chai yangu ilipoa nikiwa nimeishika.

5. Swali dogo la utaratibu: una hakika ni wewe utakayekuja? Siulizi kwa ubaya. Mara ya mwisho mji huu ulipoahidiwa waziri, shemeji yangu Trevor, ambaye huandika mabango, alichora kitambaa kikubwa cha kumkaribisha kwa jina. Rangi haijakauka, waziri akabadilishwa. Trevor akapaka rangi nyeupe juu, akaandika jina jipya. Huyo naye hakumaliza wiki yake ya saba. Kitambaa kile sasa ni kizito kwa rangi hata kinasimama chenyewe, na Trevor amekigeuza mlango wa banda lake. Safari hii amekataa katakata kuandika jina. Anasema ataandika "Karibu Mheshimiwa" basi, na atakayeshuka kwenye gari ajione ndiye.

6. Foleni. Sasa nafika panapouma, na naomba radhi kwa urefu.

Nilimuuliza Imogen: kwa nini sisi? Akasema mtu wenu alipita Mtaa wa Chapel mwezi uliopita saa tatu asubuhi, akakuta foleni imeanzia kaunta yetu, imetoka mlangoni, imefika hadi kwenye lile duka la viatu lililofungwa. Akapiga picha. Wataalamu wenu wakaitazama picha hiyo huko London wakahitimisha kwamba Ramsclough ina fedha na ina hamu ya kuzitumia.

Mheshimiwa, foleni ile hainunui pai. Foleni ile inaota moto.

Ilianza hivi. Mwezi wa kumi na moja Bwana Whittle, mgane wa miaka themanini na moja anayekaa nyumba ya nne kutoka hapa, aliacha kuwasha joto nyumbani kwake. Sababu unazijua. Tanuri letu liko nyuma ya kaunta, na ukuta wake hubaki na joto muda mrefu. Akaja, akasimama. Lakini mtu wa huku hawezi kusimama tu dukani kwa mwenzake bila shughuli, ni kukosa adabu. Kwa hiyo akasimama kama mtu aliye kwenye foleni, japo mbele yake hapakuwa na mtu. Mama mmoja akaingia, akamkuta, akasimama nyuma yake. Wa tatu akaona foleni akajiunga. Sijui kama huko London mmeiacha desturi hii, lakini huku mtu akiona foleni huingia kwanza, habari ya kuuliza ni ya nini huja baadaye.

Kufikia Krismasi walikuwa arobaini. Mtu akifika kaunta hutazama pai kwa makini sana, husema, "Bado naamua mwanangu, mhudumie anayefuata," kisha huzunguka na kurudi mwisho. Wamejipangia wenyewe utaratibu: dakika sita kwa kila mtu pale karibu na ukuta, wenye watoto wachanga kumi. Hakuna anayesukuma wala anayepandisha sauti. Wanaongea habari za mvua. Juzi bwana mmoja mgeni aliwapita wote akaja moja kwa moja kaunta, pesa mkononi, anataka pai kumi na mbili za kazini kwake. Beryl akamwambia, "Baba, foleni inaanzia kule."

"Lakini hawa hawanunui kitu!"

"Wanunue wasinunue, wamekukuta au umewakuta? Kule."

Akaondoka amenuna. Angekuwa mnunuzi wetu mkubwa wa wiki nzima, na bado nasema Beryl alikuwa sahihi.

Siwezi kuwafukuza. Nitaanzaje, na wamejipanga vizuri namna ile? Kwa hiyo tanuri, ambalo zamani nililizima saa mbili pai zilipokwisha kuiva, sasa nalizima saa tano. Lorraine anajua. Kampuni ya umeme nayo inajua, na huniandikia kila mwezi kwa wino mwekundu kunijulisha kwamba inajua.

Bwana Whittle hununua pai moja kila Ijumaa. Huomba ikatwe katikati, nusu apashiwe moto ale palepale, nusu afungiwe kwa ajili ya Jumamosi, ambayo pia huwa tunampashia kabla ya kuifunga ili imtie joto mfukoni njiani. Ijumaa iliyopita aliinama kwenye kaunta akaninong'oneza, "Derek, hii ya kesho usiipashe. Nisije nikakumalizia umeme." Nilikwenda nyuma nikajifanya natafuta unga. Niliumia, Mheshimiwa, na nakwambia waziwazi kwamba niliumia. Kisha nilikasirika, na nilikukasirikia wewe, kwa cheo chako na kwa zile kanda zako nyekundu.

Sasa fikiria umekuja. Umesimama mbele ya watu hawa arobaini na kamera zako, unasema uchumi unapaa. Unadhani watakupinga? Hawatakupinga, kwa sababu wewe ni mgeni. Watatikisa vichwa. Bwana Whittle atasema, "Naam, kabisa." Nchi nzima jioni itaona watu arobaini kwenye foleni ya pai wakikubaliana nawe, na kesho yake mtu wa Cornwall, kule mwisho wa kusini, atasema watu wa Lancashire wananenepa. Najijua mimi mwenyewe: nikiiona ile picha kwenye televisheni, nitaanza kuamini kwamba nina biashara.

7. Mapendekezo. Sipendi mtu anayelalamika bila kupendekeza. Ikiwa ziara zenu zina nguvu kubwa namna hii, ni ufujaji wa mali ya umma kuzitumia kwenye bekari ya watu watano. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, ziara yako ielekezwe kwingine.

Nenda kwanza makao makuu ya kampuni ya umeme. Nenda asubuhi na mapema, ubaki hadi chakula cha mchana. Vaa kofia ngumu mbili. Wape mkono wakurugenzi wote, mmoja mmoja, usimruke hata mmoja, na ukitoka uwaambie umevutiwa sana na wanavyonawiri.

Ukipata nafasi, mtembelee pia mwenye majengo ya Mtaa wa Chapel. Nasikia anaishi kisiwani kwenye jua. Mpelekee kizibao cha njano kama zawadi.

Kisha pitia ofisi ya kiongozi wa upinzani. Nisionekane nina ubaguzi: yeye naye alifika hapa wakati wa kampeni, akala pai yetu kwa kisu na uma, akaacha ganda lote la chini, akasema ana mpango. Nilimuuliza ni mpango gani. Akasema ni mpango mzuri. Napendekeza mtembeleane, leo wewe kwake na kesho yeye kwako, kwa muda wa kutosha.

La mwisho ndilo kubwa, na limenijia nikiwa naoga. Tembelea wizara yako. Sidhani kama imewahi kutembelewa ipasavyo. Fika mlangoni na waandishi wa habari, wapange makatibu wanane wa rika mbalimbali, mwenye maswali mpeleke stoo. Shika faili kama mwenzako alivyoshika taulo. Tangaza kwamba uchumi unapaa na kwamba, hapo ulipo, unauona mustakabali wa taifa. Halafu rudi nyumbani upumzike, nasi huku tutahesabu miezi saba kwa utulivu.

Lorraine anakusalimu. Wasim anakusalimu akiwa mbali kidogo, kwa tahadhari. Keith anasalimia, ingawa hajaelewa anamsalimia nani. Beryl amenikataza kuandika alichosema. Nisalimie Imogen na umwambie simlaumu, yeye ametumwa tu. Akija bila wewe atapata pai, njegere za kuponda, na dakika zake sita ukutani. Wasalimie pia mawaziri wote, waliopo na watakaokuwa wameteuliwa hadi barua hii ikufikie.

Ni mimi raia wako mtiifu, mwenye mkanda uliofungwa,

Derek Haslam

Nyongeza, Alhamisi asubuhi:

Barua hii imekaa mfukoni mwangu siku tatu. Lorraine alinitaka niondoe yale ya kanda nyekundu, nikawa natafakari. Sasa nimechelewa, maana jana yametokea mawili.

Asubuhi ilikuja barua ya kampuni ya umeme, na hii haikuwa ya kujulisha, ilikuwa onyo la mwisho. Mimi na Lorraine tuliisoma mara mbili, tukafunga mlango wa jikoni, tukapiga hesabu, tukakubaliana. Tanuri litazimwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu na halitawashwa tena. Hakuna waziri aliyekuwepo. Tulikuwa wawili tu. Bado hatujamwambia mtu.

Mchana Imogen akapiga simu. Alisema samahani, huji tena Ramsclough. Unakwenda kwa mwoka pai mwenzangu Raymond Birtwell, kule Thornley Bridge, kwa sababu foleni yake imeonekana ndefu kuliko yetu. Nikasema, "Hakuna shida hata kidogo, binti, msijali." Nikakata simu nikapiga teke gunia la unga.

Mheshimiwa, nafuta yote niliyoandika hapo juu, namba moja hadi saba. Nakuomba uje. Njoo Alhamisi ileile uliyoahidi. Vaa kofia yoyote uitakayo. Magari yote sita yatapata nafasi, na Trevor ataandika jina lako kamili. Shika pai, sema uchumi unapaa, sema mara mbili ili kila mtu asikie.

Kwa sababu Ijumaa ile ya kuzima tanuri nitasimama mbele ya Beryl, na Keith, na Wasim, na Bwana Whittle atakuwa amekwishafika, na wote wataniuliza imekuwaje. Kama ulikuja, nitawaambia, "Si mlimwona mwenyewe?" nao wataelewa, na huenda tukacheka kidogo. Usipokuja, itabidi niwaambie kwamba nilishindwa.